Ua wa Mbao Una Pande Mbili

Mtu apitaye njiani huutazama ua wa mwenzake kwa upande mmoja tu, yaani upande wa njia. Akiuona umenyoka na kupakwa rangi nyeupe, husema moyoni kwamba mwenye nyumba ni mtu wa bidii. Lakini mvua haipiti njiani. Mvua huuzunguka ua pande zote, huingia katika maungio, hulala penye miguu ya nguzo, na jua nalo hufuata nyuma kuimaliza kazi iliyoanzwa na mvua. Kwa hiyo ua wa mbao hauhukumiwi na wageni. Huhukumiwa na masika.

Siandiki maneno haya kama fundi. Mimi ni karani, na kazi yangu ni kalamu na majalada. Nayaandika kwa sababu nilijenga ua mbaya, ukanigharimu fedha, na karibu unigharimu ujirani mwema pia. Msomaji mwenye bustani akipata faida katika hasara yangu, hasara hiyo haitakuwa ya bure.

MAKOSA YANGU

Kwetu ni nyanda za juu, penye baridi na umande mwingi. Bustani yangu ya mboga imepakana na malisho ya jirani yangu, mzee mmoja aliyefanya kazi ya useremala maisha yake yote. Mwaka ule tulikuwa tukiwangojea wazee wa upande wa mchumba wa dada yangu, waliokuwa waje kuzungumza habari za mahari. Nikaona aibu kwa kuwa bustani ilizungushiwa miiba na vipande vya mabati, nikaazimia kujenga ua wa mbao katika muda wa wiki tatu.

Nilinunua mbao za saiprasi zilizotoka kupasuliwa siku ile ile, mbichi hata mkono ukizigusa unalowa. Nguzo nilizisimamisha na magome yake katika mashimo mafupi. Rangi sikununua. Rafiki yangu alinipa mikebe mitatu ya rangi nyeupe iliyolala ghalani miaka mingi, wala maandiko yake hayakusomeka tena. Nikapaka upande unaoelekea nyumba yetu, maana ndiko wageni watakakoketi. Upande wa malisho ya jirani nikauacha mtupu.

Wageni walikuja, wakausifu ua, mambo ya dada yangu yakaenda vema. Masika yalipofika, rangi ilifanya malengelenge, kisha ikabambuka vipande vipande kama magamba ya samaki. Mbao nazo zikapinda, kwa sababu upande mmoja ulikunywa maji na upande wa pili ulikuwa umefunikwa. Nikachukua jembe kuukuu, nikaikwangua rangi ile, na maganda yake nikayaacha yaanguke majanini. Mkebe mmoja uliobaki na rangi nusu niliuweka nyuma ya nguzo nikausahau.

Masika ya pili nguzo mbili zilikatika penye usawa wa ardhi. Ndama wa jirani yangu akaingia kwa pengo lile. Hakula mboga nyingi. Aliulamba mkebe na yale maganda, maana ng'ombe hupenda kulamba rangi. Baada ya siku mbili alikuwa haoni. Alisaga meno, akawa anausukuma ukuta wa zizi kwa kichwa chake, akatetemeka, akaanguka. Daktari wa mifugo alipompasua alikuta vipande vya rangi tumboni, akasema kwamba ni sumu ya madini ya risasi iliyokuwa katika rangi ile ya zamani.

Jioni ile mzee alikuja penye ua. Nilijiandaa kupokea maneno makali, wala nisingalikuwa na jibu. Hakusema neno kwanza. Alitoa kisu mfukoni, akainama, akakisukuma katika mguu wa nguzo ya tatu iliyokuwa bado imesimama. Kisu kiliingia kama katika kiazi kilichochemshwa. Ndipo aliponitazama akasema, "Karani, kidonda umekivika kanzu. Tena umeivika upande wa macho yako tu. Upande wangu umeuacha uchi."

Nikamjibu, "Ni kweli, Mzee. Nimekosa."

Nilimlipa thamani ya ndama wake mbele ya wazee wawili. Alipokwisha kupokea, alisema kwamba fedha haziwezi kusimamisha ua, na kwamba nikitaka kujifunza nije kwake Januari, mvua za vuli zikiisha. Haya yafuatayo ni mafundisho yake, pamoja na niliyoyasoma baadaye.

NGUZO NDIZO MIGUU

Watu wengi hudhani kwamba nguzo huoza kutoka chini kabisa. Sivyo. Huoza zaidi pale inapoingia ardhini, kutoka usawa wa udongo hadi chini kidogo. Ukungu unaoozesha mti unahitaji maji na hewa pamoja. Chini sana hewa ni haba, na juu maji hukauka upesi. Lakini penye usawa wa ardhi vyote viwili hupatikana, na mchwa nao hupita hapo hapo. Rangi haiwezi kuiponya nguzo mahali hapo. Nguzo yenyewe lazima iwe ya mti unaostahimili, au iwe imetiwa dawa.

Mti wa mtarakwa ndio uliosifiwa tangu zamani kwa nguzo katika milima ya Kenya, lakini sifa hiyo ni ya moyo wa mti tu, ile sehemu nyekundu yenye harufu. Sehemu nyeupe iliyo karibu na gome huoza upesi, na ndivyo ilivyo kwa miti yote. Siku hizi mtarakwa umekuwa adimu, na miti ya asili yatupasa kuihifadhi. Kwa hiyo wengi hununua nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa kiwandani.

Dawa inayotumika sana ina shaba, kromu na aseniki. Ilibuniwa mwaka 1933 na mtaalamu wa India, Sonti Kamesan. Haipakwi kwa brashi. Nguzo kavu hutiwa ndani ya pipa kubwa la chuma, hewa huvutwa nje, kisha dawa husukumwa kwa nguvu hata ikapenya ndani ya mti. Kwa sababu hiyo, nguzo ya namna hii ikikatwa, upande uliokatwa uwe juu, usiingie ardhini, maana msumeno hufichua moyo usiofikiwa na dawa. Vumbi lake lisivutwe puani. Tena nasisitiza: vipande vyake visichomwe kamwe jikoni wala shambani, kwa kuwa aseniki hubaki katika moshi na majivu.

Wengine hupaka nguzo oili chafu iliyotolewa katika magari. Mimi pia nilitaka kufanya hivyo, mzee akanikataza. Oili hiyo haipenyi vya kutosha, rangi haishikani nayo, na uchafu wake wa madini huingia katika udongo unaootesha mboga zetu.

Shimo la nguzo lisipungue sentimita 60 kwa ua wa urefu wa mita 1.2. Tia kokoto chini yake kadiri ya sentimita 10, maji yapate njia. Simamisha nguzo, rudisha udongo kidogo kidogo, na kila tabaka ulishindilie kwa mti mzito. Mwishowe udongo uinuliwe kuizunguka nguzo kama kichuguu kidogo, ili mvua iteremkie mbali nayo. Kichwa cha nguzo kikatwe mshazari. Kikiwa bapa, maji hukaa juu yake na kuingia ndani.

MBAO MBICHI HAZIPAKWI RANGI

Mbao za saiprasi, msonobari na mgrevilea hupatikana pengi na bei yake si kubwa. Kila moja yaweza kufanya ua mzuri ikitayarishwa. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi huuzwa mbichi. Ukiipaka rangi mbao mbichi, umeyafungia maji ndani. Jua likiwaka, maji yale hutafuta njia ya kutoka, na njia yake ni kuisukuma rangi. Hayo ndiyo malengelenge niliyoyaona mimi.

Zipange mbao mahali penye kivuli na upepo, juu ya mawe au magogo, zisiguse ardhi. Kati ya tabaka na tabaka weka vijiti vya unene mmoja, kila kijiti juu ya mwenzake, ili hewa ipite na mbao zisipinde. Juu kabisa weka mawe mazito na mabati ya kuzuia mvua. Mbao za unene wa inchi 1 huhitaji wiki kadhaa katika kiangazi, na wakati wa baridi huhitaji miezi.

Mtu atajuaje kwamba zimekauka? Mzee alinifundisha njia isiyotaka chombo cha gharama. Chukua kipande kimoja katika rundo, ukipime kwa mizani kila wiki, na uzito wake uuandike. Mwanzoni utashuka sana, kisha kidogo, kisha hautashuka tena. Hapo mbao zimekubaliana na hewa ya mahali penu. Wataalamu husema kwamba maji ndani ya mbao yasizidi asilimia 20 ya uzito wa mti mkavu, maana chini ya kiasi hicho ukungu hauwezi kuozesha. Kwa karani, kazi hii ya kuandika tarakimu kila Jumamosi ilikuwa rahisi kuliko zote.

KABLA YA KUFUNGUA MKEBE

Mzee aliniambia kwamba katika siku tano za kazi ya rangi, siku nne ni za kutayarisha na moja ni ya kupaka. Nilidhani anatania. Baadaye niliona ya kuwa amesema kweli.

Kwanza, mbao zikatwe kwa urefu wake kabla ya kupakwa, wala zisipigiliwe bado. Ukizipigilia kwanza, sehemu zinazogusana hazitapata rangi kamwe, na hapo ndipo maji hujificha. Ziweke juu ya magogo mawili kama kitanda, uzipake pande zote, kisha ndipo uzipigilie.

Pili, piga msasa kwa kufuata njia ya nyuzi za mti. Msasa namba 80 watosha kwa kuanzia, na namba 120 kwa kumalizia. Kona kali zilainishwe ziwe mviringo kidogo, kwa sababu rangi hukimbia kona kali ikabaki nyembamba, na huko ndiko huanza kupasuka. Vumbi lote lifutwe kwa brashi kavu na kitambaa.

Tatu, vitazame vifundo. Kifundo cha msonobari au saiprasi hutoa utomvu, na utomvu hupenya rangi ukaacha doa la rangi ya chai. Kwangua utomvu uliotoka, kisha upake kifundo vanishi ya shelaki na kuiacha ikauke.

Nne, usizikawize mbao juani zikiwa tupu baada ya kuzipiga msasa. Jua huharibu uso wa mti ukawa kijivu, na rangi haishikani vizuri na uso uliokufa. Maabara ya mazao ya misitu ya serikali ya Marekani, iliyofunguliwa mjini Madison mwaka 1910, imeonyesha kwa majaribio kwamba hata wiki chache za jua na mvua hupunguza nguvu ya rangi kushika. Mbao zilizokwisha kuwa kijivu zipigwe msasa tena hata rangi yake ya asili ionekane.

Tano, na hili ndilo watu husahau, zitunze ncha za mbao. Mti ni kama mafungu ya mirija iliyosimama. Maji huingia kwa nchani mara 10 hadi 15 upesi zaidi kuliko kwa ubavuni. Kwa hiyo ncha ya chini ya kila ubao uisimamishe katika bati lenye rangi ya kwanza, kina cha vidole viwili, iinywe hata ishibe. Ubao ukikatwa tena wakati wa kujenga, ncha mpya ipakwe mara mbili kabla ya kupigiliwa.

RANGI KUUKUU NA SUMU YAKE

Mwenye ua wa zamani uliokwisha kupakwa anapaswa kusoma sehemu hii mara mbili. Risasi iliwekwa katika rangi kwa miaka mingi kwa sababu iliifanya nyeupe, iliikausha upesi na kuifanya idumu. Madhara yake yalijulikana mapema: mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia rangi ya risasi nyeupe ndani ya majengo, na mwaka 1978 Marekani ilipiga marufuku rangi yenye risasi katika nyumba za watu. Katika Kenya kiwango kilichowekwa kwa rangi ni risasi isiyozidi sehemu 90 katika milioni. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Kwa mtoto mdogo huharibu ubongo unaokua, na uharibifu huo hauponyeki.

Basi rangi usiyojua umri wake ihesabu kuwa ina risasi. Usiipige msasa kavu, maana vumbi lake litaenea kila mahali. Wala usiichome kwa moto, kwa kuwa moshi wake ni sumu. Tandaza turubai chini ya ua. Lowesha rangi kwa maji, uikwangue ikiwa imelowa, nawe umefunika pua na mdomo kwa barakoa ya kazi ya vumbi, si kitambaa kitupu. Watoto, kuku na mifugo wasikaribie. Kila siku kabla ya kuacha kazi, kusanya maganda yote, uyatie katika mfuko mzito na kuufunga, kisha uulize ofisi ya mazingira pa kuupeleka. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, na mikono ioshwe kabla ya kula.

Na mkebe wa rangi isiyo na jina wala tarehe, ijapokuwa umetolewa bure na rafiki mpenzi, urudishe kwa shukrani. Ule wangu ulikuwa wa bure, lakini nilikuja kuulipia bei ya ndama.

HESABU YA RANGI

Hapa wasomi wengi hukosea, nami nilikuwa mmoja wao. Mtu mwenye ua wa urefu wa mita 30 na kimo cha mita 1.2 huzidisha, akapata mita za mraba 36, akanunua rangi ya kiasi hicho. Lakini ua si ukuta. Tuhesabu vema.

Tuseme kila ubao wa kusimama una upana wa sentimita 10 na unene wa sentimita 2, na nafasi kati yake ni sentimita 5. Katika mita 30 zitahitajika mbao 200. Kila ubao una nyuso mbili na mbavu mbili, jumla karibu mita ya mraba 0.29, mbao 200 zafanya karibu 58. Mbao za kulala, safu mbili za inchi 3 kwa 2, zaongeza 15. Nguzo 13 za sentimita 10 kwa 10 zaongeza 6. Jumla ni karibu mita za mraba 79, yaani zaidi ya mara mbili ya hesabu ile ya kwanza.

Lita moja ya rangi hutosha karibu mita za mraba 10 juu ya mbao laini. Basi kila mpako wahitaji lita 8. Nunua lita 8 za rangi ya kwanza, ambayo mafundi huiita praima, na lita 16 za rangi ya juu kwa mipako miwili. Mbao zisizopigwa randa hunywa zaidi, kwa hiyo ongeza akiba. Yule asiyehesabu hivi hupungukiwa katikati ya kazi, ndipo huanza kuongeza maji au tapentaini katika rangi ili ifike mwisho. Rangi iliyoongezwa hivyo yaweza kupendeza leo, lakini kinga yake imekwisha punguzwa.

KUPAKA

Wakati ulio bora katika nyanda za juu ni Januari na Februari. Umande ungoje ukauke. Usianze kabla ya saa tatu au saa nne asubuhi, na mpako wa mwisho wa siku uwe umekwisha ifikapo saa tisa alasiri, upate nafasi ya kukauka kabla ya ubaridi wa jioni. Usipake penye jua kali. Fuata kivuli kadiri kinavyozunguka, kwa maana rangi ikikauka juu upesi mno, chini hubaki mbichi.

Koroga mkebe kwa kijiti bapa hata chini kusibaki kitu kizito. Chovya theluthi ya nywele za brashi tu, uipanguse kwenye ukingo, upake kwa kufuata urefu wa ubao. Mipako mitatu myembamba hushinda miwili minene. Kati ya mpako na mpako ngoja kwa muda ulioandikwa kwenye mkebe. Rangi ya mafuta mara nyingi hutaka usiku kucha. Rangi ya maji iliyotengenezwa kwa kazi ya nje hunyumbulika mbao zinapovimba na kusinyaa, na harufu yake si kali. Ya mafuta huziba vizuri, lakini hukakamaa kwa miaka ipitayo na kupasuka. Yoyote utakayoichagua, soma kama imeandikwa kwamba ni ya nje, na kwamba haina risasi.

Wakati wa kupigilia tumia misumari iliyotiwa zinki, isije ikalia machozi ya kutu juu ya rangi. Miguu ya mbao za kusimama iachwe sentimita 5 juu ya ardhi. Nafasi hiyo huukausha ubao, tena humlazimisha mchwa kupita juu ya nguzo, mahali unapoweza kuiona njia yake ya udongo na kuivunja.

Jambo moja la hatari dogo kwa macho: vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani visirundikwe kona ya ghala. Vikikauka hutoa joto vyenyewe, navyo vyaweza kushika moto bila kiberiti. Vitandaze nje mmoja mmoja hata vikauke.

UTUNZAJI

Ua uliojengwa hivi nao wataka kuangaliwa. Kila mwaka baada ya masika mimi huuzunguka na kisu, ndoo ya maji ya sabuni na kopo dogo la rangi. Kisu hujaribu miguu ya nguzo. Sabuni huondoa ukungu wa kijani upande usiopata jua. Rangi huziba ufa kabla haujawa njia ya maji. Majani marefu hufyekwa na udongo uliorundikana huondolewa. Kazi yote ni ya nusu siku. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika mambo ya mbao methali hiyo ni hesabu ya fedha: kopo la lita moja sasa, au mbao 200 baadaye.

Ua wangu wa sasa tuliujenga wawili. Mbao zilipokwisha kupigiliwa, ilibaki kupaka mpako wa mwisho. Nilichukua brashi nikaelekea upande wa nyumba kama zamani, mzee akanishika mkono, akanivusha mpaka upande wa malisho yake. "Anza huku," akasema, "jioni ukichoka, utauacha upande wako, si wangu." Tulipaka upande wake kwanza, kisha wangu, tukamaliza kabla ya saa tisa.

Masika kadhaa yamepita tangu siku ile. Rangi haijabambuka, kisu hakiingii katika nguzo, na ndama wa jirani hulisha upande wa pili bila mimi kuwa na hofu. Msomaji anayetaka kujenga au kupaka ua mwaka huu, kabla hajakwenda dukani, na avuke akasimame katika shamba la jirani yake, autazame ua kutoka huko. Kasoro nyingi ataziona huko, na kazi ianzie huko huko.